Ndugu Mkufunzi, Moyo Haukukusikia

Ndugu Mkufunzi wa Utulivu,

Tiketi ya semina yako nilikatiwa na shemeji yangu, na ninamshukuru: kiti kilikuwa laini, chai ilikuwa ya maziwa, na kijitabu chenye picha yako nimekihifadhi. Ulituambia tufumbe macho, tuweke vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, tuvute pumzi ndefu, kisha tuitoe polepole huku tukiuamuru moyo utulie. Ukumbi mzima ukaguna kwa mshangao, maana kweli kila mtu alipotoa pumzi mapigo yalipungua. Makofi yakapigwa. Nami nilipiga, kwa kuwa sikulelewa kumwaibisha mwenye shughuli mbele ya wageni wake.

Mimi ni daktari wa usingizi. Kutwa nakaa upande wa kichwa cha mgonjwa, nyuma ya pazia, nikisikiliza mlio wa monita wakati mpasuaji anashughulika na yake. Nakueleza hili usije ukadhani ninakuandikia kwa wivu wa ukumbi. Ukumbi wangu mimi una watu watano, na mmoja wao amelala. Ila uliyoyasema kuhusu neva za moyo uliyasema kwenye kipaza sauti, na yuko mama mmoja aliyeyasikia akataka kuyafanyia kazi. Huyo nitamfikia. Kwa hiyo nimeona jibu nalo liwe la hadharani.

Nianze na gari lako. Kwenye skrini ulituonyesha gari jekundu: neva za simpathetiki ni pedeli ya mafuta, neva ya vegasi ni breki, na sisi wa zama hizi tumekanyaga mafuta usiku na mchana, ndiyo maana umekuja kutufundisha kugusa breki. Picha inavutia na gari lenyewe lilikuwa la bei. Tatizo ni kwamba katika gari lako mtu aliyetulia hagusi breki mpaka afundishwe. Moyoni mambo si hivyo. Mtu akikaa sebuleni kwake, mapigo 70 kwa dakika, hana hofu wala haraka, vegasi imekanyaga muda wote. Ikiinua mguu, hata bila tone la mafuta kuongezwa, mapigo yanapanda yenyewe kuelekea 100. Yaani ile hali unayoiuza kama zawadi ya mwisho wa semina tuliingia nayo mlangoni, imeshikiliwa na neva ambayo hakuna kati yetu aliyeiamuru.

Niruhusu nikuonyeshe mahali penyewe, kwa sababu katika slaidi zako zote hapakutokea. Juu kabisa ya atria ya kulia, chumba cha juu cha moyo upande huo, pale mshipa mkuu unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi unapoingia moyoni, kuna ukanda mwembamba wa tishu wenye urefu wa sentimita 1 hadi 2. Huo ndio kifundo cha sinoatria. Seli zake hazingoji kuambiwa zipige. Kila pigo likiisha, milango midogo kwenye utando wa seli inafunguka, sodiamu inavuja ndani taratibu, kalsiamu inafuata, umeme wa seli unapanda mpaka ukomo wake, na pigo jingine linatoka. Mkondo huo wa mwanzo ulielezwa mwaka 1979 na Hilary Brown, Dario DiFrancesco na Denis Noble huko Oxford. Mlango mkuu unaoupitisha kwenye kifundo unaitwa HCN4, na dawa ya ivabradini, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2005, inapunguza mapigo kwa kuziba milango ya aina hiyo tu, bila kuigusa neva yoyote.

Kifundo chenyewe kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1906 na kijana ambaye hangealikwa kwenye jukwaa lako. Martin Flack alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari, anafanya kazi likizoni nyumbani kwa mwanaanatomia Arthur Keith katika mkoa wa Kent, Uingereza. Keith na mkewe walikuwa wametoka kuendesha baiskeli. Waliporudi walimkuta Flack na hadubini yake, ana hamu ya kuwaonyesha kitu cha ajabu alichokiona kwenye atria ya kulia ya moyo wa fuko. Walichapisha mwaka 1907. Wengi humtaja Keith kwanza. Mimi nimemtanguliza mwanafunzi kwa makusudi.

Neva zinazokifikia kifundo hicho zinatoka pande mbili. Vegasi inaanzia kwenye shina la ubongo, inashuka shingoni ndani ya ala moja na ateri kubwa ya shingo, inaingia kifuani, lakini haizigusi seli za kifundo moja kwa moja. Inaishia kwanza kwenye vishada vya seli za neva vilivyojificha ndani ya mafuta nyuma ya atria. Hapo ujumbe unapokezanwa, na nyuzi fupi sana ndizo zinazomalizia safari. Nyuzi za simpathetiki zinaanzia kwenye uti wa mgongo, sehemu ya juu ya kifua, zinapokezana kwenye ganglia za pembeni mwa shingo na kifua, kisha nyuzi ndefu zinateremka hadi moyoni. Neva za upande wa kulia ndizo zenye sauti kubwa zaidi kwenye kifundo cha sinoatria. Za kushoto zinaelekea zaidi kwenye kifundo cha pili, kile cha kati ya atria na ventrikali, ingawa mpaka wao haukuchorwa kwa rula.

Vile vishada vya mafutani navyo havipitishi tu amri za wakubwa. Vina seli zinazopokea habari kutoka moyoni na kuzijibu hapohapo, na mwaka 1991 mtafiti Andrew Armour alivipa heshima ya kuviita ubongo mdogo wa moyo. Nakuomba, kwa unyenyekevu wote, usiyaweke maneno hayo kwenye kijitabu kijacho. Nakufahamu: yatakuwa semina ya siku mbili.

Sasa ile 100 niliyokutajia. Unaweza kuuliza imepatikanaje, maana hakuna aliyemkata mtu neva zote ili ahesabu. Jibu ni dawa mbili. Atropini inaziba masikio ya kifundo yasisikie vegasi. Propranololi inayaziba yasisikie simpathetiki. Mpe mtu mzima mwenye afya zote mbili kwa pamoja, kisha uhesabu: unachokisikia ni kifundo kikiwa peke yake. Jose na Collison walifanya hivyo kwa watu wengi na mwaka 1970 wakatoa kanuni: chukua 118.1, toa umri uliozidishwa kwa 0.57. Mtu wa miaka 20 anapata karibu 107. Wa miaka 40, karibu 95. Wa miaka 60, karibu 84. Linganisha na mapigo yako sasa hivi ukiwa umekaa unasoma, uone tofauti ambayo vegasi inaibeba bila kukutumia ankara.

Jambo hilo liliwashangaza hata waliokuwa na akili kutuzidi. Mwaka 1845 ndugu wawili wa Ujerumani, Ernst Heinrich na Eduard Weber, walipeleka umeme kwenye vegasi na moyo ukasimama. Wakati huo neva ilijulikana kuwa kitu cha kuamsha: unaichokoa, msuli unakaza. Kwamba neva inaweza kufanya kazi na matokeo ya kazi yake yakawa ni kiungo kunyamaza, halikuwa wazo rahisi kumeza. Hata wewe, baada ya miaka 180, bado unatufundisha kwamba utulivu ni kuacha kufanya.

Kisha akaja Otto Loewi, pale Graz, Austria. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliota jaribio usiku, akaamka akaliandika kwenye karatasi, na asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi saa tisa. Safari hii hakuamini karatasi, akaenda maabara palepale. Alichukua mioyo miwili ya vyura. Wa kwanza ulikuwa na vegasi yake, wa pili umenyimwa neva. Aliichochea vegasi ya moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo; akachukua maji ya chumvi yaliyokuwa ndani yake akayatia kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza mwendo, ilhali haukuwa na neva ya kuuambia. Alipochapisha mwaka 1921, ilikuwa wazi kwamba neva inaongea na moyo kwa kumwaga kemikali. Baadaye ikathibitika ni asetilikolini. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale, na mwaka 1938 Wanazi wakamtia ndani, wakamlazimisha kuwakabidhi fedha za tuzo zilizokuwa benki Stockholm ndipo wakamwacha aondoke nchini. Huyo alikuwa na sababu ya mapigo kwenda mbio.

Kemikali hizo hazina kasi moja, na hapa ndipo siri ya zoezi lako ilipo. Asetilikolini ikimwagwa karibu na kifundo, inafungua milango ya potasiamu kwa njia fupi sana, na athari yake inaonekana ndani ya pigo moja au mawili. Kimeng'enya kinaisafisha mara moja, mambo yanaisha. Noradrenalini ya simpathetiki inapita njia ndefu ndani ya seli. Inachukua sekunde kadhaa kuanza kuonekana na inakawia kuondoka. Kwa hiyo kitu pekee kinachoweza kubadilisha mapigo kati ya kuvuta pumzi na kuitoa ni vegasi. Ukivuta, shina la ubongo linailegeza, mapigo yanakwenda upesi kidogo. Ukitoa, inakanyaga tena. Carl Ludwig aliliandika hilo mwaka 1847 kwa kutazama wanyama, na sidhani kama aliwaomba wanyama hao wauamuru moyo. Linatokea kwa mtoto mchanga aliyelala. Linatokea kwako ukiwa unahesabu viingilio.

Naomba usinielewe vibaya. Kupumua polepole ni jambo jema, mara sita kwa dakika kunaongeza yumbo hilo la mapigo, na watu walitoka ukumbini wamefurahi. Ninachokataa ni mkono wako kuwekwa juu ya kila pumzi kana kwamba ndio uliofanya.

Sasa njoo thieta, kwa mawazo tu. Mtoto wa miaka minne mwenye makengeza amelala, dawa imemkolea, hasikii, haoti, haogopi. Mapigo ni 110. Daktari wa macho anashika msuli mdogo wa pembeni mwa jicho na kuuvuta ili aushone mahali pengine. Mlio wa monita unaanza kuachana: ti… ti…… ti. Sista ananitazama. Namwambia mpasuaji, "Achia." Anaachia, na ndani ya mapigo machache mlio unarudi kama zamani. Habari imepita kwenye neva ya trijemina, ile ya hisia za uso, hadi shina la ubongo, ikateremka kwa vegasi hadi kifundoni. Aschner na Dagnini walilieleza hilo mwaka 1908, na hakuna daktari wa usingizi anayemlaza mtoto wa makengeza bila kuwa na atropini mkononi. Mtoto huyo, Ndugu Mkufunzi, alikuwa ametulia kuliko yeyote aliyewahi kuhudhuria semina zako. Utulivu wa nafsi haukuwa na neno hapo. Ni uzi uliovutwa.

Au chukua mama anayejifungua kwa upasuaji. Tunamchoma ganzi ya mgongo, naye anabaki macho, tunaongea habari za jina la mtoto. Ganzi inapanda taratibu. Ili asisikie kisu tunaitaka ifike usawa wa chuchu. Nyuzi za simpathetiki zinazokwenda moyoni zinatoka kwenye uti wa mgongo kuanzia usawa huohuo kwenda juu. Mama akisema, "Daktari, vidole vya mkono vinakufa ganzi," mimi naacha mazungumzo ya majina. Dawa imepanda kuliko nilivyotaka, nyuzi za kuharakisha moyo zinazimika moja baada ya nyingine, vegasi imebaki bila mwenzake, na mapigo yanashuka 60, 50, 45 na presha nayo inaporomoka. Ndiyo ile hali uliyoiandika kwa herufi kubwa kwenye slaidi: MAFUTA SIFURI, BREKI PEKE YAKE. Sisi tunakimbilia atropini na efedrini.

Ndiyo sababu ulipoiita simpathetiki adui wa ndani, nilikohoa. Adui huyo ndiye anayekuzuia usianguke unapoinuka kitandani. Ukianza kupanda ngazi, mapigo ya mwanzoni yanaongezeka kwa vegasi kujiondoa, upesi, karibu ndani ya pigo moja. Ukiendelea kupanda ndipo simpathetiki inashika usukani na kukupeleka juu ya 100 na zaidi. Wawili hao pia hawajumlishwi na kutolewa kirahisi. Matthew Levy alionyesha mwaka 1971 kwamba vegasi ikiwa imeshika sana, simpathetiki ikipiga kelele kifundoni inasikika kidogo tu. Na simpathetiki ikifanya kazi kwa nguvu inamwaga pamoja na noradrenalini kitu kingine, nyuropeptidi Y, kinachoziba mdomo wa vegasi kwa muda. Gari lako halina pedeli za namna hiyo, na kama lingekuwa nazo lisingepita ukaguzi.

Wewe unayesema vegasi haizidi, kadiri inavyoongezeka ndivyo afya inavyoongezeka, ungefaa pia kumwona mkulima aliyenyunyizia dawa ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti bila barakoa, au aliyeinywa kwa kukata tamaa. Vijijini kwetu si kisa adimu. Dawa hiyo inaua kile kimeng'enya cha kusafisha asetilikolini. Kemikali ya vegasi inarundikana. Mate yanatiririka, mboni za macho zinakuwa ncha ya sindano, kifua kinajaa maji, moyo unaburuta. Tunampa atropini, tunarudia, tunarudia tena mpaka kifua kikauke.

Kuhusu pipa la barafu nitasema kidogo, kwa kuwa ulisema lenyewe linakuja mwezi ujao. Maji baridi usoni huku umeshika pumzi yanaiamsha vegasi, ni kweli. Maji baridi mwili mzima yanaiamsha simpathetiki kwa kishindo. Ukimtumbukiza mtu hadi kichwani akiwa ameshika pumzi, unazipigia simu zote mbili kwa wakati mmoja, na Michael Shattock na Michael Tipton waliandika mwaka 2012 jinsi mgongano huo unavyoweza kuvuruga mpangilio wa mapigo, hata kwa watu wenye afya. Kijana atatoka anacheka. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo asiyejua kuwa anao, mimi nisingemwingiza, na sina hakika kama fomu yako ya kujiandikisha inamuuliza.

Saa za mkononi ulizokuwa unauza mlangoni, zenye asilimia ya utulivu, nitaziachia. Zinahesabu tofauti kati ya pigo na pigo, ambayo ni kitu cha kweli. Ila ukipumua polepole kwa dakika tano namba inapanda, hata kama deni lako la benki halijasogea.

Ulitaja wakimbiaji wa Eldoret na Iten, kwamba mapigo yao ya 40 ni ushahidi wa nafsi iliyotawaliwa. Wakimbiaji wa masafa marefu kweli hufika 40 na kitu wakiwa wamepumzika, na kwa miaka mingi vitabu viliipa vegasi sifa yote. Mwaka 2014 watafiti wa Manchester, Alicia D'Souza na wenzake, waliwafanyisha panya mazoezi. Mapigo ya panya hao yalibaki chini hata baada ya neva zote mbili kuzibwa kwa dawa, kwa sababu kifundo chenyewe kilikuwa kimepunguza milango yake ya HCN4. Mjadala kwa binadamu unaendelea na sitauamulia hapa. Ila panya hao hawakuwahi kusikiliza hotuba ya hamasa.

Na kama bado una imani kwamba kuikoroga vegasi kunatibu kila kitu, wapo waliojaribu kwa uangalifu kuliko sisi sote. Kifaa cha kuichochea kwa umeme kiliidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa kifafa, na waya wake hufungwa kwenye vegasi ya kushoto, mojawapo ya sababu ikiwa ni kuepuka ile ya kulia inayokitawala kifundo. Wengine wakaona, basi wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi tuwafungie kulia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 707, kifaa cha namna hiyo hakikupunguza vifo wala kuzidiwa. Hawakuficha. Walichapisha. Nakuachia hilo ulitafakari kwa pumzi ndefu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko kusini mwa bara letu. Tarehe 3 Desemba 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, Christiaan Barnard alimwekea Louis Washkansky moyo wa binti aliyefariki kwa ajali ya gari. Washkansky aliishi siku 18. Tangu hapo maelfu wameishi miaka mingi na moyo wa mwingine, na mioyo hiyo huwekwa ikiwa imekatwa neva zake zote. Hakuna mpasuaji anayeweza kuziunganisha. Mapigo yao wakiwa wamepumzika huwa kati ya 90 na 110, kama ile kanuni ya Jose na Collison inavyotaka. Ukiwapa atropini, hakuna kitu. Wakianza kutembea haraka moyo unachelewa kuamka, unasubiri adrenalini ije kwa njia ya damu, na wakisimama unachelewa kulala. Miaka ikipita baadhi ya nyuzi za simpathetiki huota tena, nusunusu. Wafanyishe zoezi lako la pumzi hapo mwanzoni, mapigo yatayumba kidogo mno, kwa kuvutwa tu kwa kuta za moyo. Nao wanapenda, wanaogopa, wanasali na wanasamehe kama sisi.

Kuna jambo moja juu yao ambalo hunisimamisha kila nikiliwaza. Kwa mbinu ya zamani ya kushona, iliyoanzishwa Stanford na Lower na Shumway, mpasuaji aliacha ukuta wa nyuma wa atria za mgonjwa, na mara nyingi kifundo chake cha asili kilibaki hapo pamoja na neva zake. Ukichukua ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ya mgonjwa wa namna hiyo unaweza kuona mawimbi mawili ya atria. Moja ni la moyo mgeni, linakwenda kwa mwendo wake usiobadilika. Jingine ni la kifundo cha mwenyeji: bado linapungua akitoa pumzi, linaongezeka akisimama, linasikiliza shina la ubongo na kujibu kwa uaminifu. Umeme wake hauvuki mshono. Kinatii kila kitu, wala hakipigishi chochote.

Nirudi kwenye ukumbi wako, kwa mambo mawili tu, ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

La kwanza, lile shindano. Uliuliza nani ana mapigo ya chini kabisa, na mzee mmoja akainua mkono akasema 38. Ulimwita jukwaani, ukamkumbatia, ukampa fulana iliyoandikwa MTULIVU WA MWAKA. Aliposhuka ngazi alishika ukuta. Mtu wa umri ule, asiye mkimbiaji, mwenye mapigo 38 na kizunguzungu, huenda kifundo chake kimechoka au njia ya umeme kwenda chini imekatika, na anachohitaji ni ECG leo na pengine betri ya moyo. Fulana atabaki nayo, haina madhara.

La pili, yule mama. Alikuwa mbele yangu, gauni la kitenge, pochi imejaa dawa. Alikuuliza kama aendelee na atenololi yake ya presha na moyo. Ukatabasamu ukasema mwili ukijifunza kujituliza, vidonge vitaaga vyenyewe. Jibu tamu. Yeye alilielewa hivi: alifungua pochi, akatoa pakiti, akamkabidhi binti yake akamwambia, "Haya sina kazi nayo tena."

Atenololi inakaa palepale noradrenalini inapoingilia kwenye seli za kifundo na za misuli ya moyo. Ikikaa hapo miezi, seli zinaongeza milango ya kumpokea mgeni anayezuiwa. Ukiiondoa ghafla, noradrenalini ya kawaida kabisa, ya kupanda ngazi au kugombana na kondakta, inakuta milango mingi kuliko zamani. Mapigo yanakwenda mbio, presha inaruka, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata maumivu ya kifua au shambulio lenyewe. Ndiyo maana tunaipunguza kidogokidogo kwa wiki, kwa mkono wa daktari aliyeiandika. Nilimfuata mlangoni nikamkosa. Watu walikuwa wengi kwenye meza ya saa.

Wewe unayo orodha ya waliojiandikisha, yenye namba za simu, kwa kuwa mimi tayari nimepokea ujumbe wako mara mbili kuhusu pipa la barafu. Nakuomba uwatumie wote mwingine, mfupi, hata bila kunitaja: anayetumia dawa za moyo au presha asiache wala kupunguza mpaka aonane na daktari wake. Kisha mpigie yule mzee wa fulana umwambie aende hospitali na mtu wa kumsindikiza. Ukikwama kwenye maneno, niko tayari kukuandikia bure. Jumatano tuna orodha ya watoto wa macho. Nafasi ya kusimama nyuma ya pazia ipo, nguo za thieta tutakuazima, na simu utaiacha nje.

Wako kwa heshima,
Daktari wa usingizi